Nyumba ya Sewa Haji, Bagamoyo

Ipo miji iliyokua haraka kwa sababu watu waliikimbilia mali. Chunya ilivuma kwa dhahabu ya Lupa katika miaka ya 1930. Bagamoyo ilivuma kabla yake, kwa pembe za ndovu. Misafara ilitembea miezi mingi kutoka Ujiji na Tabora. Wapagazi wake, wengi wao Wanyamwezi, walibeba kila mmoja mzigo wa frasila mbili hivi, yaani takriban kilo 32. Pembe zilivushwa kwa majahazi hadi Unguja, zikaenda Bombay kuwa bangili, na Ulaya na Marekani kuwa vibao vya piano na mipira ya biliadi.

Wazee wetu waliotoka Gujarat walikuwamo katika biashara hiyo. Nyumba ya Jairam Shivji, Wabhatia wa Kutch, ilikodi forodha ya Sultani kwa miaka mingi. Wenye maduka walitoa merikani, kaniki, shanga na nyaya kwa mali kauli, wakangoja misafara irudi. Njia hiyo hiyo ya pembe ilipitisha watumwa, na fedha za mikopo hazikuuliza zilikopita. Anayeadhimisha historia hana ruhusa ya kuchagua kurasa.

Katika mji huo alifanya kazi Sewa Haji Paroo, Khoja Ismailia mwenye asili ya Kutch, aliyezaliwa Unguja mwaka 1851. Alirithi duka la baba yake angali kijana, akawa muuzaji mkubwa wa vifaa vya misafara na mtafutaji wa wapagazi. Stanley alimtumia mwaka 1871, kisha akamlaumu vikali kitabuni kwa ujanja wa biashara. Laiti habari zake zingeishia hapo, angekumbukwa kama mchuuzi mwerevu tu.

Hazikuishia hapo. Mwaka 1892 alikabidhi kwa serikali ya Wajerumani nyumba yake ya ghorofa iliyojengwa kwa mawe pale Bagamoyo iwe shule, kwa sharti kwamba ipokee watoto wa kila asili. Sharti hilo lilikuwa zito, kwani enzi ile kila jamaa ilijitenga na nyingine, na serikali zilizofuata ziligawa shule kwa rangi hadi karibu na Uhuru. Alitoa pia fedha za hospitali mjini Dar es Salaam, na katika wosia wake akawakumbuka wagonjwa wa ukoma. Alifariki mwaka 1897. Jina lake lingali katika wadi ya Sewahaji pale Muhimbili, na nyumba yake ya Bagamoyo ndiyo Shule ya Msingi Mwambao.

Ndovu wa njia ile walikwisha, bandari kubwa ikahamia Dar es Salaam, na maghala ya pembe yakabaki magofu. Nyumba iliyotolewa imedumu katika kazi yake kuliko nyumba zilizofungiwa hazina.

Tunapoadhimisha miaka ya hekalu letu, tunamweka mbele yenu mtu huyu ambaye hakuwa wa dini yetu, ili awe kipimo chetu. Kuta tulizojenga zitahesabiwa kwa idadi ya majirani walionufaika nazo. Na nyumba za kale za Bagamoyo, zikiwamo zile zilizojengwa na wazee wetu, zinaliwa na chumvi ya bahari kila mwaka. Kuzitunza ni deni letu sote, na deni hili halina mali kauli.