Kibanda cha Mjomba na Bolti za Lori

Mwalimu alipotutaka tuandike habari za vikwazo vya miaka ya 1996 hadi 1999, wenzangu wengi walikimbilia mikutano ya Arusha na majina ya marais. Mimi nilikwenda uani kwa mjomba wangu, Buyenzi, hapa Bujumbura, kwa sababu huko kuna kitu ambacho nimekichezea tangu utoto bila kujua kuwa ni historia. Ni kibanda cha mbao na mabati, urefu wa mtu aliyelala, kilichowahi kukaa juu ya kamyoneti yake. Kamyoneti ndiyo ile ambayo Watanzania huiita pikapu. Yake ilikuwa Toyota Hilux. Gari liliuzwa zamani. Kibanda kilibaki, sasa kuku wanatagia humo.

Kwanza niseme kwa nini mtu alale juu ya gari. Mjomba alikuwa akinunua ndagala Rumonge na kuwaleta mjini kwa barabara ya kando ya ziwa. Tangu Rais Melchior Ndadaye alipouawa Oktoba 21, 1993, nchi ilikuwa vitani, na barabara hiyo ilikuwa na mashambulio ya kuvizia. Magari yalipita mchana, mara nyingi kwa misafara ya askari, na mjini kulikuwa na amri ya kutotembea usiku. Ukichelewa kidogo tu kupima magunia, umelala huko huko. Nyumba ya kulala wageni ilikula faida, na kulala penye kiti cha mbele ukiwa na ndagala nyuma chini ya turubai ni kuwakaribisha wezi. Basi akaagiza kibanda: samaki chini, yeye juu ya ubao, mlango unafungwa kwa ndani.

Kukijenga hakukuwa tabu. Mafundi wa Buyenzi wanajulikana, na mbao zilikuwapo. Tabu ilikuwa kukifunga kisianguke.

Hapa ndipo vikwazo vinapoingia. Julai 25, 1996, Meja Pierre Buyoya alitwaa madaraka. Julai 31 viongozi wa nchi jirani, chini ya usuluhishi wa Mwalimu Nyerere, walikutana Arusha na kukubaliana kuifungia Burundi biashara. Nchi yetu haina bahari. Bidhaa zilitoka Dar es Salaam kwa reli hadi Kigoma, kisha kwa meli kuvuka ziwa, au Mombasa kwa barabara kupitia Uganda na Rwanda. Njia hizo zilipozibwa, mafuta yaliadimika, na kila kitu cha chuma kilichokuwa dukani kikapanda bei. Mjomba husema bolti nne mpya zilifikia bei ya gunia la ndagala. Nadhani anaongeza chumvi, lakini ametaja hivyo mara tatu kwa siku tofauti bila kubadili neno.

Safari ya kwanza alikifunga kwa kamba na mnyororo, akivizungusha kwenye kulabu za pembeni mwa gari, zile za kufungia turubai. Kabla ya kufika Rumonge, kwenye kona, alisikia mkwaruzo, akatazama kioo, akaona kibanda kimekaa upande kama kofia ya mlevi. Kulabu mbili zilikuwa zimeng'oka na kipande cha bati. Alikuwa amembeba mtoto wa jirani humo ndani, miaka kumi na minne, akisaidia kupakia. Mtoto alitoka na jino limevunjika. Mjomba hapendi kuieleza sehemu hii, na mama yangu ndiye aliyenimalizia.

Fundi aliyerekebisha bado yu hai. Sitamtaja jina kwa kuwa aliniomba. Nilipomuuliza kosa lilikuwa nini, alicheka: "Mwanangu, bati la kamyoneti ni karatasi. Mzigo hufungwa kwenye mfupa." Mfupa ni chesisi, zile chuma mbili ndefu zinazopita chini ya gari lote. Sakafu na kuta za nyuma ni bati jembamba. Ukitoboa na kukaza bolti humo, mtikisiko utapanua tundu mpaka nati ipite.

Njia yake ilikuwa hii. Alilaza magogo mawili ya mbao ngumu kuvuka sakafu ya gari, moja mbele na moja nyuma, na kibanda kikapigiliwa juu ya hayo. Bolti mpya hazikupatikana kwa bei ya mjomba, kwa hiyo walikwenda kwenye lori bovu lililokuwa limekufa karibu na gereji, wakatoa zile bolti za umbo la U zinazoshika springi na ekseli. Za kamyoneti ni fupi mno kwa kazi hiyo. Za lori ni ndefu. Alizipitisha kutoka chini, zikiukumbatia mfupa wa chesisi, miguu ikatokea juu kwenye sakafu pande mbili za gogo, kisha bamba la chuma na nati. Chesisi yenyewe hakuitoboa, maana tundu mahali pabaya huanzisha ufa. Kwa kuwa bolti za lori ni pana kuliko chesisi ya Hilux, nafasi iliyobaki aliijaza vipande vya mbao ngumu. Kabla ya kukaza alipitisha kiganja kwenye chuma chote kuhakikisha hakubani bomba la breki wala la mafuta. Alinionyesha kwa kiganja hicho hicho, akipapasa meza.

Chini ya magogo aliweka vipande vya tairi kuukuu. Nilidhani ni kwa ajili ya starehe ya mlalaji. Alinisahihisha: mbao juu ya bati huteleza, mpira hung'ang'ania. Mbele ya kibanda alishindilia gogo la tatu hadi kwenye ukuta wa sanduku la gari, ili dereva akikanyaga breki kibanda kisije mbele. Na kila mguu wa bolti ulipewa nati mbili, ya pili ikiibana ya kwanza isilegee. Agizo lake lilikuwa moja: baada ya kilomita ishirini simama, kaza tena, kwa sababu mbao ikishabanwa hunywea.

Baadaye nilisoma kwamba Marekani mwandishi John Steinbeck aliizunguka nchi yake mwaka 1960 na mbwa wake, katika GMC yenye kibanda namna hii aliyoiita Rocinante. Gari hilo sasa liko makumbusho ya Salinas. Nilimweleza mjomba. Akauliza huyo mzungu alikuwa anauza nini.

Limebaki swali la tarehe, na hapo mashahidi wangu wanagombana. Mjomba anasema kibanda kilifungwa kwa bolti "baada ya mapinduzi, kabla mipaka haijafungwa". Ukihesabu, kati ya mapinduzi na uamuzi wa Arusha ni siku sita. Katika siku sita hizo angekuwa amejenga, amesafiri, ameangukiwa na kibanda, na amekirekebisha. Siamini. Fundi anasema ilikuwa wakati mafuta ya gari yanauzwa kwa vidumu na chupa mitaani, yaani vikwazo vimekwisha kubana. Ndani ya kibanda, nyuma ya kiota cha kuku, nilikuta hesabu za magunia zimekwaruzwa kwa msumari, ya kwanza ikiwa "12/3/97". Kwa hiyo naweka kazi ile kati ya Agosti 1996 na mwanzoni mwa Machi 1997. Aprili mwaka huo viongozi walilegeza vikwazo kwa chakula, dawa na vifaa vya shule. Mjomba anasema kwenye duka la vipuri hakuona tofauti yoyote. Vilisitishwa Januari 1999, naye akaendelea na bolti zile zile mpaka alipouza gari.

Mnunuzi hakutaka kibanda. Ilichukua asubuhi nzima kufungua zile nati, kwa kuwa kutu ilikuwa imezishika, na mbili ilibidi zikatwe kwa msumeno. Kwa ajili ya insha hii nilimwomba mjomba anionyeshe bolti zilizobaki. Ziko tatu, chini ya kitanda chake, zimefungwa kwa kitambaa chenye mafuta. Ya nne alimpa yule mtoto aliyevunjika jino, ambaye sasa ana gari lake mwenyewe.