Kivuli cha Luanda Magere: Hadithi za Mashujaa katika Vitabu vya Picha

Miongoni mwa mashujaa wa masimulizi ya Afrika Mashariki, wawili wanafanana mno kwa jinsi walivyokufa. Fumo Liyongo wa pwani hakudhurika ila kwa sindano ya shaba ya kitovuni. Luanda Magere wa uwanda wa Kano, ambaye mwili wake ulikuwa jiwe, hakudhurika ila kwa kuchomwa kivuli chake. Siri za wote wawili zilitolewa na watu wa nyumbani mwao. Ulaya nayo ina Siegfried wa utenzi wa Wajerumani wa karibu mwaka 1200, ambaye mkewe alimshonea alama nguoni pale hasa alipoweza kuuawa. Si lazima kudhani kwamba mmoja alizaliwa na mwingine.

Tofauti yao kubwa imo katika safari ya kuingia kitabuni. Hadithi za Mfalme Arthur zilipigwa chapa na Caxton mwaka 1485, na kufikia mwaka 1498 zilikwisha kutolewa tena zikiwa na picha zilizochongwa katika mbao. Liyongo alihifadhiwa kwa kalamu: mwaka 1913 Muhamadi Kijuma wa Lamu, mchonga mbao na mwandishi hodari wa hati za Kiarabu, alinakili utenzi wake. Magere hakuwa na kalamu wala mbao. Alikuwa na midomo ya wazee, na jiwe lenyewe, ambalo wawindaji walilinolea mikuki yao.

Picha zilimfikia katika miaka ya 1980, pale Terry Hirst, Mwingereza aliyehamia Kenya mwaka 1965 na kuanzisha gazeti la Joe pamoja na Hilary Ng'weno mwaka 1973, alipomchora katika mfululizo ulioitwa Pichadithi. Jina hilo ni la kusifiwa: picha na hadithi zimeunganishwa bila kovu, kama Mswahili mwenyewe angaliunda. Ajabu ni kwamba ndani ya jalada maneno yalikuwa ya Kiingereza.

Mchoraji wa hadithi hii hukabiliwa na tatizo ambalo msimulizi halijui. Msimulizi hukitaja kivuli pale tu shujaa, akiwa mgonjwa, anapomwambia mkewe Mnandi akichanje hicho badala ya mwili. Damu ikitoka, wasikilizaji hushtuka pamoja na mke. Katika picha, kivuli kimelala miguuni pa Magere tangu ukurasa wa kwanza. Mchoraji akikionyesha, ameifichua siri. Akikiondoa, jua la Kano limepotea.

Zito zaidi ni uso wa yule mke. Je, aliletwa kwa amani, au alitumwa kupeleleza? Msimulizi aweza kuliacha swali hilo likining'inia, tena wengi huliacha. Kalamu ya mchoraji haina ruhusa hiyo: macho ya bibi-arusi lazima yaelekee upande fulani, na msomaji mdogo huyasoma kabla ya kusoma maneno. Hapo ndipo toleo la picha linapokuwa hukumu.

Kisumu kwenyewe, Asenath Bole Odaga alianzisha Lake Publishers mwaka 1982, akatoa vitabu kwa Kijaluo na kwa Kiingereza. Kiswahili kilikuja kupata vitabu vya katuni vya namna hii kwa juhudi za Sasa Sema, kama vile Abunuwasi ya Gado (1996). Naye Abunuwasi ni mgeni kutoka Baghdad, hana ugomvi na jirani yeyote.

Magere anao. Katika soko la Kibuye, Mjaluo wa Kano na Mnandi wa milimani hupatana bei kwa Kiswahili, si kwa Kijaluo wala kwa Kinandi. Atakayeiandika hadithi hii kwa lugha hiyo ataandika mbele ya pande zote mbili, na katika picha ile ya mke akiingia bomani kwa Magere itambidi achague neno moja la kumwita: bibi-arusi, mateka, au jasusi.