Dakika 71 za Nyamagana

Katika kijiwe kimoja cha kahawa mjini Tarime niliwakuta wazee wawili wakibishana, nusura wanyang'anyane vikombe, juu ya mpira uliochezwa tarehe 10 Agosti, 1974. Nani alishinda hawakubishania, maana hilo limeandikwa. Ubishi ulikuwa juu ya nani alitoa pasi.

Kwa vijana ambao hawakuwapo: Jumamosi hiyo Yanga na Simba zilikutana katika Uwanja wa Nyamagana, Mwanza, kugombea ubingwa wa Taifa. Simba ndio waliokuwa mabingwa watetezi, na mwaka huohuo wakafika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika. Kwa watu wa Tarime na Mugumu, waliozoea kusikia kwamba mambo makubwa yote yako Dar es Salaam, ilikuwa kama mechi imeletwa uani. Mmoja wa wazee wale anasema aliteremka Musoma akapanda meli. Mwenzake alibaki nyumbani na redio ya betri.

Kumbukumbu ya mchezo ule, kama magazeti yetu yanavyoirudia kila watani wakikaribia kukutana, ni hii: Yanga 2, Simba 1. Adam Sabu dakika ya 16. Gibson Sembuli dakika ya 87. Sunday Manara dakika ya 97.

Basi. Lakini hebu zipige hesabu namba hizo. Toka 16 mpaka 87 ni dakika 71. Kwa dakika 71 Simba walikuwa mabingwa, na zilibaki tatu tu za muda wa kawaida. Katika dakika hizo kipa gani aliokoa mara ngapi? Nani aligonga mwamba? Nani alichechemea akakataa kutoka? Mstari ule hausemi. Unatupa bao la Sembuli, kisha unaturusha moja kwa moja hadi muda wa nyongeza, kwa Manara. Huyu Manara mashabiki walimwita Kompyuta, na baadaye akaenda Uholanzi kuchezea Heracles. Kompyuta mwenyewe, ndugu zangu, ametunziwa namba moja tu ya siku ile!

Wenzetu wa Marekani wana mchezo wao wa besiboli, ambao mimi nakiri sijauelewa vizuri. Lakini jedwali lao la mchezo nalionea wivu. Tangu karne ya 19, enzi za mwandishi Henry Chadwick, kila mchezaji ana mstari wake: amepiga mara ngapi, amekimbia mara ngapi, amekosea mara ngapi. Tarehe 8 Oktoba, 1956, Don Larsen wa New York Yankees aliwarushia Brooklyn Dodgers mipira 97, wapigaji 27 wakaja na wote 27 wakatolewa bila hata mmoja kufika kituo cha kwanza. Mtu aliyezaliwa miaka hamsini baadaye anaweza kuufuata mchezo ule hatua kwa hatua. Namba 97 kwao ni hesabu ya kila mpira uliorushwa. Kwetu 97 ni dakika ya bao, na yaliyolizunguka bao hilo yamo vichwani mwa wazee.

Na wazee wanapungua. Siku hizi mechi ya ligi ikichezwa, simu inakuambia mpaka idadi ya kona. Ni vizuri. Ila hakuna simu itakayoirudia Nyamagana ya 1974, na sijasikia anayezunguka na daftari kuwauliza waliokuwapo, pale Mwanza, Musoma au hapo Tarime, kabla hawajatutoka.

Wale wawili niliwaacha palepale. Yule wa meli alishikilia kwamba pasi ilitoka kulia. Yule wa redio akasema hapana, kushoto.

"Mura, mimi nilikuwapo!"

"Ulikuwapo, lakini mbele yako kulikuwa na watu warefu. Mimi nilisikia kila kitu."