Aliyechelewa ni mtu au ni saa?

Mwaka 2006 dada mmoja aliyekuwa akisomea ualimu aliniletea faili yenye mistari zaidi ya elfu moja. Alikuwa amewapima watoto wa shule mbili za msingi kwa programu niliyomwandikia mimi: umbo linatokea kwenye skrini, mtoto anabonyeza kitufe cha kushoto au cha kulia, tarakilishi inaandika alichukua milisekunde ngapi. (Milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde, kwa wale tuliokuwa tukitoroka hesabu.)

"Kaka, nimemaliza," akaniambia. "Shule ya pili wana wastani wa milisekunde 31 zaidi. Nitaandika kwamba ni wazito kufikiri kwa sababu ya mazingira yao."

Nilimwomba siku mbili. Kabla sijawaambia nilichokiona, turudi nyuma kidogo, maana kosa la namna hii lina umri kuliko tarakilishi yenyewe.

Huko Greenwich, Uingereza, mwaka 1796, mwanafalaki mkuu Nevil Maskelyne alimfuta kazi msaidizi wake, David Kinnebrook. Kazi yao ilikuwa kutazama nyota kwenye darubini ikivuka uzi mwembamba huku wakisikiliza saa ikigonga, kisha kukadiria ilivuka katika sehemu gani ya sekunde. Macho yafanye kazi, masikio yafanye kazi, na akili iunganishe. Mwaka 1795 Maskelyne aliona kwamba vipimo vya kijana huyo vinachelewa kuliko vyake kwa karibu nusu sekunde. Akamwonya. Kufikia Januari iliyofuata tofauti ilikuwa sekunde 0.8, na mkubwa akaona hapo pana uzembe. Labda ungeuliza, na kama bosi ndiye anayewahi? Hilo halikuulizwa. Bosi ndiye aliyekuwa kipimo.

Miaka mingi baadaye Friedrich Bessel, mwanafalaki wa Königsberg, aliisoma habari hiyo na haikumtulia moyoni. Akaanza kujilinganisha na wenzake, watu makini waliobobea. Mwaka 1823, yeye na Argelander walipishana kwa zaidi ya sekunde moja! Basi tofauti haikuwa ya uvivu. Kila mtu ana ucheleweshaji wake, na ukishaujua unaweza kuutoa kwenye hesabu. Kinnebrook hakurudishiwa kazi yake kwa ugunduzi huo.

Aliyegeuza kero hiyo kuwa chombo ni daktari Mholanzi, Franciscus Donders, wa Utrecht. Katika makala yake ya 1868 alieleza majaribio ambapo mtu alipigwa shoti ndogo ya umeme kwenye mguu na kujibu kwa mkono wa upande uleule. Akijua mapema ni mguu upi, alijibu haraka. Asipojua, alichelewa kwa takriban 1/15 ya sekunde, yaani kama milisekunde 67. Donders akatoa namba moja kwenye nyingine akasema: hizo ndizo akili inazotumia kutambua upande na kuchagua mkono. Ni kutoa tu, hesabu ya darasa la pili, na kwa hiyo akapima wazo. (Baadaye wengine walimpinga kwamba ukiongeza hatua moja huenda unabadilisha na hatua nyingine. Hoja yao ina uzito.)

Mwaka 1966 Mmarekani Saul Sternberg alionyesha kwamba kila tarakimu unayoongeza katika orodha ambayo mtu ameikariri inamwongezea kama milisekunde 38 za kujibu iwapo tarakimu fulani imo. Ziangalieni namba hizi: 67, 38. Sasa chukueni tarakilishi ya IBM ya mwaka 1981 na saa inayotumiwa na DOS. Saa hiyo inagonga mara 18.2 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 55 hivi. Ugunduzi mzima wa Sternberg unapita katikati ya migongo miwili bila mlinzi kumwona mtu.

Turudi kwenye faili. Jambo la kwanza nililofanya ni kuacha wastani pembeni. Muda wa kuitikia haujagawanyika sawa kushoto na kulia: mtu hawezi kuwahi kupita kiwango fulani, lakini kuchelewa hakuna mwisho. Mtoto akijibu kwa 412, 398, 430, 405, kisha akapiga chafya na kujibu kwa 2140, wastani wake unakuwa 757, namba ambayo haifanani na jibu lake hata moja. Ukizipanga na kuchukua ya katikati unapata 412. Kulikuwa pia na jibu la 92, na huyo hakuona umbo bali alibahatisha. Halafu nikatazama safu ya makosa, kwa kuwa mwenye haraka anaweza kuwa anakosea tu.

Vyote hivyo havikuiondoa tofauti. Ndipo nikapanga majibu ya kila shule kutoka dogo hadi kubwa. Shule ya kwanza: 371, 372, 374, 377... Shule ya pili: 384, 384, 439, 439, 439, 494, 549. Katikati hakuna kitu!

Nilitaka kujificha chini ya meza. Shule ya kwanza walitumia laptopu. Shule ya pili walitumia mashine kuukuu ya DOS waliyopewa msaada, na programu yake nililipua usiku mmoja. Ilikuwa inaonyesha umbo saa inapogonga, kisha inasubiri mgongo mwingine ndipo iangalie kama kitufe kimebonyezwa. Kila jibu lilisukumwa mbele hadi mgongo unaofuata: kwa wastani nusu ya 55, yaani kama 27. Katika zile 31, watoto walibaki na nne hivi.

Dada alirudi shule ya pili na laptopu ileile, akawapima upya. Tofauti ilikuwa milisekunde 3, na majibu ya mtoto mmojammoja yalikuwa yakipanda na kushuka kwa mamia. Sentensi ya "wazito kufikiri" akaifuta.

Mashine za leo nazo zina yao. Skrini ya kawaida hujichora upya mara 60 kwa sekunde, kila milisekunde 16.7. Kibodi nyingi za USB huulizwa habari kila milisekunde 8. Na tangu 2018 vivinjari vilipunguza makusudi makali ya saa zao kwa sababu za usalama. Siku hizi kila faili ya matokeo inayotoka kwenye programu zangu ina safu moja zaidi, yenye jina la mashine.