Vikinga Radi vya Oksidi ya Metali na Suala la Wakati: Ukanda wa Mikese, Morogoro

Mtafiti anayeunda modeli ya vikinga radi katika ukanda wa Mikese hukabiliwa kwanza na suala la kihistoria. Kituo cha Kidatu kilipoanza kuzalisha umeme mwaka 1975 na kuusafirisha kwa msongo wa kilovolti 220 kupitia Morogoro hadi Dar es Salaam, kikinga kilichozoeleka duniani kilikuwa cha kabidi ya silikoni. Kikinga hicho kilihitaji mianya ya cheche, kwani bila hiyo kingepitisha mkondo mkubwa hata katika msongo wa kawaida. Oksidi ya zinki, ambayo sifa zake zilibainishwa na watafiti wa kampuni ya Matsushita nchini Japani mwishoni mwa miaka ya 1960, ndiyo iliyoondoa ulazima wa mianya. Modeli ya IEEE ya mwaka 1992 ilitungwa kwa ajili ya oksidi hiyo: huzingatia kwamba kadiri mkondo wa radi unavyopanda kwa kasi, ndivyo msongo unaobaki kwenye kikinga unavyoongezeka. Kuitumia kueleza hitilafu za miaka ya 1970 ni kosa la kiwakati, hata kama grafu zake zinapendeza. Inafaa zaidi kwa reli ya umeme ya kilovolti 25, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024. Kwa hitilafu za awali, sura hii inatumia modeli yenye mianya.