Tumbawe na Mwamba: Umri wa Jiwe katika Lugha ya Waashi wa Pwani

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakikuwa na lugha ya kuelezea elimu ya miamba mpaka vitabu vya shule vilipotungwa. Dai hilo halina budi kupimwa kwa historia ya ujenzi wa Pwani. Waashi walitenga kwa majina mawe mawili ambayo mgeni angeyadhania kuwa ni mamoja: tumbawe na mwamba. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tofauti hiyo, kwa kweli, ni tofauti ya umri.

Tumbawe hukatwa chini ya maji. Viumbe wadogo wa baharini huitwaa chokaa iliyomo majini na kujijengea mifupa, na mifupa hiyo, kizazi juu ya kizazi, ndiyo inayofanya jiwe. Likiwa bado bichi, tumbawe ni jepesi na laini, huchongeka bila taabu. Likianikwa hukauka na kuwa gumu. Mwamba huchimbwa nchi kavu, nao asili yake ni hiyo hiyo. Wanajiolojia hukadiria kwamba sehemu ya miamba ya pwani ya Kenya iliota katika kipindi cha joto cha takriban miaka 125,000 iliyopita, wakati usawa wa bahari ulipokuwa juu kuliko sasa kwa mita kadhaa. Bahari iliporudi nyuma, miamba iliachwa juu. Maji ya mvua yakapenya, yakayeyusha baadhi ya chokaa na kuigandisha upya katika vitundu vilivyokuwa wazi. Hivyo jiwe likawa zito, gumu na lenye makali. Kwa ufupi, mwamba ni tumbawe lililozeeka.

Historia ya majengo yathibitisha kwamba tofauti hii ilijulikana mapema. Uchimbaji uliofanywa na Mark Horton huko Shanga, kisiwani Pate, katika miaka ya 1980, ulidhihirisha kwamba mji huo ulianza katika karne ya 8 kwa majengo ya miti na udongo. Msikiti wa mawe ulijengwa humo katika karne ya 10, kwa matumbawe yaliyotolewa baharini. Nyumba za mawe ya mwamba zilikuja baadaye, zikaenea katika karne ya 14. Hata hivyo tumbawe halikuachwa. Lilibakizwa kwa kazi ya nakshi, hasa mihirabu na miimo ya milango. Maandishi ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, yamechongwa katika jiwe la namna hiyo.

Chokaa ya kuungia mawe nayo ilitoka katika asili iyo hiyo. Mawe yalipangwa juu ya magogo na kuchomwa. Moto huifukuza hewa ya ukaa iliyomo, na kinachosalia huzimuliwa kwa maji. Ikiisha kupakwa ukutani, chokaa huivuta tena hewa hiyo polepole na kurudi kuwa jiwe.

Mkulima alikuwa na majina yake pia. Maweni ni mahali ambapo mwamba umejitokeza na udongo ni haba, umejikusanya mashimoni tu. Kichanga ni udongo mwepesi wa mchanga. Sababu ya uhaba huo ni kwamba jiwe la chokaa, likiyeyuka kwa mvua, huacha masalio machache sana ya kufanya udongo.

Siku hizi maana za maneno haya zimesogea. Katika maandishi ya hifadhi ya bahari, matumbawe ni viumbe hai wanaohitaji kulindwa. Katika vitabu vya jiografia, mwamba ni jina la kila jiwe la ardhi, liwe limetokana na volkano au mashapo. Upanuzi huo hauna kosa, lakini si wa bure. Nyumba nyingi katika Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, ni za mawe haya na chokaa. Asiyejua tabia ya mawe hayo huzitengeneza kwa saruji. Saruji haipitishi unyevu kama chokaa. Hufungia maji na chumvi ndani ya ukuta, na jiwe lililostahimili karne kadhaa huanza kumomonyoka.

Waashi hawakuhesabu miaka 125,000, wala hawakuihitaji. Walijua jiwe lipi ni bichi na lipi limekomaa, na ujuzi huo waliuweka katika msamiati wa kazi. Basi mtungaji wa istilahi za elimu ya ardhi, kabla ya kukopa au kubuni neno, yampasa kwanza akae na mwashi na mkulima, maana wazee wanaoyajua maneno hayo kwa mikono yao wanazidi kupungua.