Wapaka Rangi wa Hastings

Mwenye nyumba atakaye nyumba yake ipakwe rangi hudhani kwamba amemwajiri mpaka rangi. Katika miji ya Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20, mara nyingi haikuwa hivyo. Alipatana na mkandarasi kwa bei moja ya jumla, na huyo mkandarasi ndiye aliyewaajiri mafundi, akiwalipa kwa saa na kuwaachisha kwa taarifa ya saa moja. Yaliyotukia kati ya bei ile na ujira ule yasingejulikana vema kama fundi mmoja asingeyaandika.

Fundi huyo ni Robert Noonan, aliyezaliwa Dublin mwaka 1870. Alifanya kazi ya rangi Afrika Kusini, kisha akahamia Hastings, mji wa pwani ya kusini ya Uingereza. Huko aliandika riwaya iitwayo The Ragged Trousered Philanthropists, akajipa jina la Tressell, litokanalo na lile jukwaa la miguu wanalosimamia wapaka rangi. Riwaya si daftari la mahakama, wala haifai kusomwa hivyo. Hata hivyo, habari zake za kazi ni za mtu aliyeshika brashi kwa miaka mingi.

Mkandarasi aliyetaja bei ya chini kuliko wenzake ndiye aliyepewa kazi, na pengo lile akaliziba ukutani. Karatasi kuukuu hazikubanduliwa, bali mpya zilibandikwa juu yake. Rangi iliyolipiwa mara kadhaa ilipunguzwa. Mwenye nyumba hakutambua, maana rangi mbichi huficha mengi.

Kuna tukio moja katika riwaya hiyo lipasalo kuangaliwa kwa makini. Ujira wa fundi ni peni 7 kwa saa. Anatokea mtu mmoja, Newman, ambaye amekaa muda mrefu bila kazi, na watoto wake wana njaa. Anaulizwa kama atakubali peni 6 na nusu. Anakubali. Basi msimamizi anatafuta kisa cha kumwondoa mmojawapo wa wale wa peni 7, akamkuta mzee Linden anavuta kiko, akamfukuza papo hapo. Msomaji angetazamia kwamba Newman, kwa kuwa rahisi, atadumu. Hadumu! Baadaye naye anafukuzwa, kwa sababu anajitaabisha mno na kazi yake. Mkono wake umekwisha kuzoea kufanya vizuri, na hofu ya njaa haiwezi kuufundisha kulipua. Wanahistoria wa kazi wameandika sana juu ya ujira mdogo. Juu ya fundi aadhibiwaye kwa ufundi wake wameandika kwa uchache.

Tena kulikuwa na sumu. Rangi nyingi za siku zile zilichanganywa na unga mweupe wa risasi, na kusugua rangi kuukuu kwa msasa mkavu, kazi ambayo fundi mwangalifu hakuiruka, kulitoa vumbi lililoingia mapafuni. Ufaransa ilipitisha sheria dhidi ya unga huo mwaka 1909. Mwaka 1921 mkutano wa kazi wa mataifa uliofanyika Geneva ulitoa mkataba wa kuuzuia ndani ya majengo, isipokuwa katika hali chache, na kuagiza hatua zichukuliwe juu ya vumbi la kusugua. Uingereza haikuuridhia mkataba huo. Ilitunga sheria yake mwaka 1926.

Noonan hakuyaona hayo. Alifariki kwa kifua kikuu mjini Liverpool mwezi Februari 1911, akiwa njiani kwenda Kanada, akazikwa katika kaburi la maskini pamoja na wengine. Wachapishaji walikuwa wameukataa mswada wake. Binti yake, Kathleen, aliuhifadhi, ukauzwa kwa pauni 25, na mwaka 1914 ukachapishwa ukiwa umekatwakatwa. Maneno yake yote, kama alivyoyaandika, yalitoka mwaka 1955.